Ati lenzi nzima, macho yangu ndiyo yanataka servisi!

BintiKibokoni:
Mafundi wa mji huu wamenichosha, na huyu mmoja amenimaliza. Jina simtaji, mnamjua. Yule wa kikoi cha kijani na kioo cha kukuzia shingoni, anayetengeneza saa, redio, miwani, na ukimpelekea meli nzima kutoka Kilindini ataifungua kwa bisibisi ile ile.

Nimetoka kwake sasa hivi, mikono inatetemeka. Ni ile lenzi ya kamera ya Leica, Summicron ya milimita 50, ya marehemu mjomba, zile za mwanzo zilizoundwa kwa mkono kule Wetzlar, Ujerumani, miaka ya 1950. Pete ya fokasi ilikuwa nzito, grisi imekauka, na kuvu imeanza kutambaa pembeni mwa kioo, unyevu wa pwani mnaujua. Nikamwambia safisha, tia grisi, nipimie na fokasi. "Kazi ndogo hiyo, bibie."

Ndogo! Kaifungulia pale pale mezani, kando ya sahani ya viazi karai, mdomo umejaa tambuu. Akapuliza kioo, fuu! Kitone chekundu kikatua kwenye kioo cha mbele. Akavuta pindo la kikoi, akapangusa. Pindo la kikoi, walahi! Utando wa vioo vile vya zamani ni laini, unakwaruzika kwa kitambaa tu, yeye anasugua huku akizungumzia mpira. Kisha akatia mafuta ya cherehani. Ya cherehani, jamani.

Nikaenda nayo kupamba kwa binamu yangu. Kupamba mnakujua, simu zote zinaachwa mlangoni, kwa hivyo picha ni zangu tu. Filamu kusafishwa: bi harusi ukungu mtupu, hina haionekani, lakini sambusa za meza ya nyuma unahesabu mpaka mikunjo ya manda. Mama wa bi harusi kaniuliza kama nililipwa na mpishi.

Ndipo leo nikamrudia na picha mkononi. Akazitazama, akatema tambuu yake, akasema mbele ya watu: "Dada, lenzi nzima. Macho yako ndiyo yanataka servisi."

Macho yangu! Waliokuwa wanangojea saa zao wote wakacheka, hata kitoto cha madrasa kilichokuja kununua betri. Nimelipa 3,500 nikaambiwe macho! MACHO!

Mvuvi_Likoni:
Pole dada. Lakini macho umeyapima?

BintiKibokoni:
Umeanza.

KijanaTudor:
Simu yangu ina kamera tatu, haijui grisi wala kuvu.

BintiKibokoni:
Na ingeachwa mlangoni. Soma kwanza.

MzeeWaFilamu:
Macho yako hayana neno, binti. Leica ya M hutazami ndani ya lenzi, unalenga kwa kidirisha chake. Nyuma ya lenzi kuna pete inayosukuma kigurudumu ndani ya kamera, nacho ndicho kinachoongoza kidirisha. Fundi akikosea kuirudisha, au akipoteza kipete chembamba cha kupangia nafasi, kidirisha kinakwambia fokasi ipo, na kumbe picha imekwenda kwa sambusa. Kutoka kitako cha lenzi hadi filamu ni milimita 27.8, na hapo unywele mmoja ni mwingi. Anayejua kazi hutia alama kabla ya kufungua hesi za fokasi, maana zina milango mingi ya kuingilia na ulio sawa ni mmoja tu. Akimaliza anapima kwa kolimeta, chombo cha kupimia fokasi, hapimi kwa kukodoa jicho. Hayo mafuta ya cherehani nayo ni mepesi, yatatambaa hadi kwenye vibati vya apecha, lile tundu la kupitishia mwanga. Funga tundu hadi f/16, yaani dogo kabisa, mulika tochi, utayaona.

BintiKibokoni:
Nimemulika. YANANG'AA! Na huyu ndiye anayesema mimi sioni!

Mvuvi_Likoni:
Basi macho mazima, hongera.

ShangaziBamburi:
Huyo huyo alinitengenezea saa ya ukutani. Ikifika saa sita inagonga kumi na tatu. Nimemwambia, ati nihesabu polepole.

AbuKanzu:
Afadhali nyie. Kuna fundi wa nguo, mnamjua, nilimpa kitambaa cha kanzu ya Idi, kanirudishia kitu kinakoma magotini. Kumuuliza, ati nimerefuka. Nna miaka 46!

KijanaTudor:
Dada haoni, mzee amerefuka, shangazi hajui kuhesabu. Mji una wagonjwa huu.

ShangaziBamburi:
Huyo wa magotini si ndiye ana kitambaa changu cha dera tangu Ramadhani?

AbuKanzu:
Cha rangi gani? Mkewe nilimwona na dera jipya la zambarau.

ShangaziBamburi:
ZAMBARAU YENYE MAUA MEUPE?

KijanaTudor:
Ngojeni kwanza niende kwa muuza kahawa, nakuja. Kashata nani anataka?

BintiKibokoni:
Jamani, na lenzi yangu?

ShangaziBamburi:
Lenzi baadaye, mwanangu. Abu, huyo mke anakaa wapi?