Injini ya dizeli inapiga mluzi: nichukue turbo ya used au iliyokarabatiwa? Naombeni ushauri wakuu

Kifuu_Mtupu
Wakuu habari za humu. Nina gari langu la dizeli la zamani, mashine ni 1HZ ya Toyota, halijawahi kunisumbua ila sasa hivi linapiga mluzi mwembamba kama mbu aliyeingia sikioni, ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka nao. Nguvu ipo, moshi wa kawaida, temprecha haijapanda. Sina raha kabisa, nikiendesha nazima redio nisikilize mluzi, mpaka mke wangu kaanza kununa. Swali langu ni moja tu, turbo ya used iliyotoka kwenye gari la ajali na ile iliyofunguliwa ikabadilishwa beringi na sili, ipi itadumu? Wajuvi nisaidieni, matusi pembeni.

Spana17
Used mkuu, ila iangalie kwanza. Shika shafti uitingishe, kucheza kidogo pembeni ni kawaida maana ile inaelea kwenye oili, lakini ukiivuta mbele nyuma usisikie kitu. Zungusha kwa kidole uone kama mapanga yanagusa nyumba yake. Na siku ya kufunga mimina oili safi kwenye tundu la kuingilia kabla hujawasha, kile kitu kinazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, kikianza kikavu umeshazika hela.

Mama_Stelingi
Pole kaka. Mimi langu lilikuwa linalia hivyo hivyo, nikikata kona ndo linazidi, nikamwambia fundi akasema diff, zile gia za ekseli, mwingine akasema beringi ya tairi, nimezunguka gereji weee mwisho wa siku kijana mmoja tu wa kuosha magari akafungua kile kikopo cha oili ya pawa stelingi, oili imejaa povu. Kumbe paipu ya kurudisha ilikuwa imelegea klipu inavuta hewa. Klipu! Yaani nilivyokasirika siku ile. Hebu angalia na wewe hicho kikopo.

Kifuu_Mtupu
Asante dada ila langu nikikata kona hakibadiliki kitu.

Mzee_wa_Nozeli
Mdogo wangu nani kakwambia hiyo ni turbo? Kabla hujanunua chochote fanya hivi, gari imesimama, gia nyutro, piga resi taratibu, mluzi ukiwepo basi achana na mambo ya diff na propela. Kanyaga klachi mpaka chini, ukipotea ujue ni beringi ya mbele ya giaboksi, ukiwa haupo ukaja pale unapokanyaga ni ile beringi ya klachi. Washa taa zote na feni ya ndani alteneta ibebe mzigo, usikie kama unabadilika. Halafu chukua bisibisi ndefu, ncha iweke kwenye bolti ya alteneta, kwenye wota pampu, kwenye puli ya kukazia mkanda, mpini uweke kwenye mfupa wa mbele ya sikio, beringi iliyokufa utaisikia inakwaruza huna haja ya kuambiwa na mtu. Angalia tu mikono na nguo zisiguse feni. Na mwisho kabisa toa mikanda ya nje yote uwashe chini ya dakika moja, sio zaidi maana wota pampu itakuwa haizunguki, ukisikia bado analia basi tatizo liko ndani.

Sasa nijibu mawili. Ulianza lini huo mluzi, na kabla ya hapo uligusa nini kwenye hiyo mashine?

Kifuu_Mtupu
Ulianza tu wenyewe mzee. Nyutro inalia pia. Ila fundi alishasema ni turbo na mimi namwamini, na kusema ukweli ile used nimeshaitolea advansi kwa hiyo nilitaka tu kujua kama nimepatia.

Domo_Kaya
Hahaha kumbe ushauri unaoombwa ni wa kupigiwa makofi. Umepatia mkuu, hongera sana, uzi ufungwe.

Mzazi_Mlezi
Haya ndio matatizo ya vijana wa sasa, mnalipa kwanza ndio mnauliza. Gari la turbo lina adabu zake. Asubuhi usiliamshe na kulikanyagia hapo hapo, ukitoka kwenye mlima mrefu usizime ghafla, liache lingurume dakika moja au mbili turbo ipoe oili ikiwa bado inapita. Ukizima ghafla ile oili inaungulia ndani inakuwa masizi. Sisi tumeendesha magari miaka yote hiyo hatujui turbo kufa ni nini. Heshimu chombo na chombo kitakuheshimu.

BintiSpana
Naomba niulize tofauti, ulibadilisha filta ya dizeli karibuni? Pampu hizi za zamani za mzunguko zinalainishwa na dizeli yenyewe, hazina oili yao. Kukiwa na hewa kwenye laini au filta imeziba, pampu inahangaika kuvuta na inatoa sauti nyembamba. Weka kipande cha paipu inayoonyesha ndani kati ya filta na pampu uangalie mapovu. Na usikasirike, umewahi kuchanganya mafuta ya taa? Hayana ulainisho wa dizeli, pampu inasagika taratibu huku gari linatembea vizuri tu.

Kifuu_Mtupu
Sijawahi na sitawahi kuweka mafuta ya taa. Filta ndio, ilibadilishwa, kulikuwa na sevisi ndogo ya kawaida.

Mzee_wa_Nozeli
Umesema ulianza wenyewe. Sasa kuna sevisi. Sevisi ndogo ina nini ndani yake?

Kifuu_Mtupu
Oili, filta, na vitu vidogo vidogo mzee. Nimefanya ile ya kutoa mikanda. Bado analia vile vile. Nikaweka bisibisi, kwenye turbo nasikia kwa mbali, sehemu inayopiga kelele kweli kweli ni mbele, kwenye kava la juu. Hii ina maana gani?

BintiSpana
Kava la taiming. Vitu vidogo vidogo vilikuwa vipi jamani????

Kifuu_Mtupu
Basi sawa. Shemeji yangu alibadilisha taiming belti, ule mkanda wa ndani unaoendesha valvu. Sikusema kwa sababu najua humu mtaanza kumshambulia mtu ambaye hamumjui, yule ni fundi mzuri sana, amefunga mashine nyingi, na belti aliikaza vizuri mbele ya macho yangu, alitumia bara, ule mtaimbo wa chuma, kuivuta ndio akakaza bolti. Alisema ikilegea itaruka meno valvu zigonge pistoni, bora ibane. Na gari liliwaka mara ya kwanza tu. Kwa hiyo haiwezi kuwa hiyo.

Mzee_wa_Nozeli
Bara. Mungu wangu.

Mdogo wangu taiming belti iliyobanwa kupita kiasi inalia, na inalia hivyo hivyo ulivyoeleza, mluzi mmoja unaopanda na mzunguko wa injini, gari likiwa limesimama au linatembea hauna tofauti. Meno ya belti yanaingia kwenye puli kwa nguvu, na ile beringi ya aidla, puli inayokaza belti, inabeba mzigo ambao haikutengenezewa. Kuna tenshena za spring na kuna za haidroliki, angalia yako ni ipi, lakini zote zina kazi moja, zenyewe ndio zinaamua belti ibane kiasi gani, mkono wa mtu hauhusiki. Ya spring unalegeza bolti ya aidla, unaiacha spring ivute, unazungusha krenki kwa mkono na spana raundi mbili kamili kwa upande inakozungukia mashine, unaangalia alama zimerudi mahali pake, ndio unakaza bolti. Ukiona zimekataa kulingana usiwashe.

Shemeji yuko sahihi kwamba ikilegea itaruka na valvu zitapigwa. Lakini iliyobana inaua aidla, na aidla ikikwama belti inakatika, mnafika pale pale alipokuwa anapaogopa.

Domo_Kaya
Kwa hiyo turbo haina hatia na advansi ilishaondoka 😂😂 shemeji naye yupo humu anasoma?

Mpembuzi
Samahanini wakuu mimi nimesoma uzi toka juu na kuna kitu kinanikera. Huyu jamaa amesema mashine ni 1HZ. 1HZ ni silinda sita, lita 4.2, na haijawahi kutoka kiwandani na turbo. Yenye turbo ni ndugu yake 1HD-T. Sasa mtu analalamikia turbo ya mashine isiyokuwa na turbo na mnamjibu kurasa nzima, mara bisibisi mara shafti. Hii ni chai. Hana gari huyu.

Spana17
Aisee kweli. Na mimi nimeingia mzima mzima na shafti zangu.

Mzazi_Mlezi
Nilijua. Ndio maana majibu yake yanakuja vipande vipande. Muogope Mungu kijana, watu wanaacha kazi zao kukusaidia.

Domo_Kaya
Chai ya tangawizi hii. Kwa hiyo na shemeji hayupo? Nilikuwa nimeshampenda.

Kifuu_Mtupu
Jamani. Turbo iliwekwa na mtu aliyekuwa na gari kabla yangu, nimelikuta nayo. Imefungwa kwenye eksozi manifodi, ina paipu yake ya oili inatoka kwenye bloku na nyingine inarudi kwenye sampu, kama sina gari hayo ningeyajulia wapi? Sikutaja kwa sababu nilijua mtaniambia niitoe.

BintiSpana
Mpembuzi yuko sahihi kuhusu kiwandani, lakini 1HZ za kuongezewa turbo zipo kibao, huo sio uongo. Ila kaka umeuliza turbo ukaficha kwamba sio ya mashine yake, ukasema sevisi ukaficha belti. Kuna kingine?

Mpembuzi
Sawa, nimeelewa ila bado sijaridhika. Na kama ni kweli basi aitoe hiyo turbo. 1HZ inachomea kwenye chemba ndogo kwanza, haikutengenezwa kwa presha, ukiongeza turbo na mafuta bila kipimo cha joto la eksozi unakuja kupasua hedi.

Spana17
Wapi mkuu, ukiiwekea presha ndogo na usichezee pampu inatembea miaka. Binamu yangu analo anavuta trela milimani...

Mpembuzi
Binamu yako anapima joto la eksozi kwa nini, kwa kiganja?

Mzee_wa_Nozeli
Hayo ya kupasua hedi fungueni uzi wenu. Kifuu, nyutro gari limesimama turbo haina mzigo, inazunguka kivivu tu. Turbo mbovu ungeisikia zaidi ukiwa unapanda mlima umekanyaga, na ungeona moshi wa bluu, oili inapungua, paipu ya kwenda intek imelowa. Ulishaivua hiyo paipu ukaangalia?

Kifuu_Mtupu
Nimevua leo. Kuna unyevu wa oili kwa mbali tu, shafti haiendi mbele nyuma. Mlimani mluzi ni ule ule wa nyutro, hauzidi.

Mzee_wa_Nozeli
Basi jibu unalo mkononi. Usiliendeshe tena mpaka kava lifunguliwe. Fungueni, legezeni, na aidla itoke nje uizungushe kwa mkono, ikikwaruza au ikizunguka tupu kana kwamba haina grisi weka mpya, usiirudishe. Belti yenyewe ikague mgongoni na kwenye mizizi ya meno, ukiona nyufa au nyuzi weka mpya pia hata kama ni ya juzi. Mkishafunga kwa spring, washa bila kurudisha mikanda ya nje, msikilize.

Kifuu_Mtupu
Shemeji anakuja jumamosi, nitamwambia ni aidla mbovu tu, sitamtajia mambo ya bara, nyie hamjui familia yetu. Ile turbo na yenyewe nitaichukua, advansi hairudishwi, itakaa stoo.

BintiSpana
Ukiiweka stoo ziba matundu yote, ya kuingia na ya kutoka, ya oili, ya hewa na ya eksozi, nyigu wanapenda sana kujenga humo. Na jumamosi simama pale pale, akishika bara ipokee wewe uibebe.

Domo_Kaya
Mkuu hiyo turbo ya stoo unauza bei gani?