Naomba ushauri: programu ya kuhifadhi nakala za kompyuta ya nyumbani

Assalaam aleikum wenzangu. Niko Kisauni, Mombasa. Wiki jana stima ilikatika na kurudi mara tatu usiku mmoja, asubuhi kompyuta ikakataa kuwaka. Fundi aliokoa vitu vingi, ila sauti za marehemu bibi akitusimulia hadithi zimepotea. Mpaka sasa naumia.

Nimenunua diski ya nje ya terabaiti 1. Data yangu ni kama gigabaiti 300, na mashine ni ya Windows 10. File History iliyomo humo inanakili faili vizuri, lakini nataka nakala ya diski nzima, ili diski ikifa nisianze upya kuweka kila programu. Macrium Reflect ya bure, programu ya kunakili diski nzima, ilisitishwa 2024. Naona Veeam Agent, nayo ya kazi hiyo hiyo, ina toleo la bure. Duplicati nayo hufunga faili kwa nywila na kuzipeleka hata mtandaoni, ila hainakili mfumo mzima.

Aliyezitumia anieleze: ipi hurejesha bila kusumbua? Na nakala ya pili niiweke wapi? Intaneti yangu ni ya bando, na gigabaiti 15 za bure za Google hazinitoshi.