Nimepigwa mchana kweupe: nimelipia "Mji wa Muziki" Vienna, nafika nakuta muziki uko likizo

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira kwahiyo mnivumilie uzi ukiwa mrefu, na hiyo kampuni ya utalii iliyoniuzia safari silitaji jina lake sababu sitaki kesi, ila wakisoma hapa watajijua.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, huu mwaka wa 19. Vienna, mji wa Austria, nimeijua kwenye makaratasi ya sol-fa, zile noti za kuimbia, kabla sijawa hata na pasipoti. Haydn, Mozart, Beethoven, Schubert, Brahms, watunzi wa muziki wote hao wameishi mji ule ule na wamefia pale pale, sasa mtu wa kwaya akisikia Vienna ni kama mtu wa mpira akisikia Maracana. Mimi na mama watoto tumedunduliza miaka minne, kikoba, kuku, mpaka kiwanja cha Mkuranga kikaenda. Kipeperushi kimeandikwa siku 6, sanaa, majengo na muziki, safari Agosti. Nikauliza kwa mdomo wangu pale ofisini, dada opera, ile michezo ya jukwaani ya kuimbwa, tutaingia? Akanijibu "baba opera si ndo kwao kule, utaichoka mwenyewe".

Haya. Siku ya kwanza tunasimamishwa mbele ya Opera ya Taifa, gaidi (mtembeza watalii wetu) anamwaga historia, jengo limefunguliwa 1869, likapigwa mabomu Machi 1945, wakalijenga wakafungua tena Novemba 1955, sawa nimeelewa, nikamuuliza sasa tunaingia lini kusikiliza? Ananiangalia kama nimeuliza bahari iko wapi. "Julai na Agosti hakuna maonyesho, msimu unaanza Septemba." Nikasema basi tupeleke Musikverein, ule ukumbi wa dhahabu tunaouona kwenye TV kila Januari mosi. Nao konseti za msimu hola. Wale wapigaji wa Vienna Philharmonic, okestra ya hapo, wanatoka kwenye okestra hiyo hiyo ya opera, na Agosti wako mji mwingine, Salzburg, kwenye tamasha. Wale watoto wa kwaya wanaoimba misa ya Jumapili kanisa la Hofburg, kasri la zamani la wafalme? Likizo. Mama watoto akaniuliza kwa sauti ya chini "kwahiyo tumekuja kuona milango?"

Hii ni sawa na umuuzie Mzungu safari ya kuona nyumbu wanavuka Mto Mara halafu umpeleke Februari. Na ndo kinachoniuma, hawa hawa watu wa utalii wetu kalenda ya nyumbu wanaijua mpaka wiki, mgeni akitaka kuja Aprili wanamwambia mvua hiyo subiri kwanza, ila Mbongo akiwa ndo mteja anauziwa mwezi wowote.

Gaidi kuona tumenuna akasema msijali konseti ipo. Nje ya opera kuna vijana wamevaa mawigi meupe na makoti ya enzi za Mozart wanauza tiketi kama wapiga debe wa Mbagala, akatupeleka kwa mmoja wanayejuana vizuri tu, yuro 59 kila kichwa. Tumeingia ukumbi wa viti vya kukunja, wapigaji tisa, kila wimbo wanakata katikati kama mlio wa simu, fidla ya pili inateleza sauti mwanzo mwisho na watu wanapiga makofi. Mimi nina sikio jamani, kazi yangu ndo hiyo. Nilikaa nimeshika kichwa.

Upande wa majengo, programu imeandika "kutembelea nyumba ya Hundertwasser". Nyumba ya huyo msanii ni nzuri kweli, marangirangi, mistari haijanyooka, miti inaota mpaka madirishani, ila ni fleti za manispaa zilizojengwa 1983 hadi 1985 na watu wanaishi humo, mgeni haingii! Ukatembelee nini, mlango wa mtu? Tukapiga picha barabarani tukasukumwa dukani. Jumba la sanaa la Belvedere kuona ule mchoro wa Busu wa Klimt, tiketi ni za muda maalum na hawakubuki, tukakaa kwenye foleni juani masaa mawili. Halafu Kunsthistorisches, jumba lenye michoro ya mchoraji wa zamani Bruegel mingi kuliko popote duniani, tukapewa dakika 40. Nimesimama mbele ya mchoro wake wa Mnara wa Babeli wa 1563, vijitu vidogo vidogo vinapandisha mawe kwa winchi ya kukanyagwa na miguu, ningekaa pale nusu siku, gaidi anapiga makofi "twende twende". Twende wapi? Duka la chokoleti za Mozart, saa nzima na nusu. Na hizo chokoleti zenyewe zimebuniwa Salzburg 1890, Mozart ana miaka 99 kaburini.

Basi zima Waafrika watupu, hakuna aliyetutajia Angelo Soliman. Nimemsoma mwenyewe usiku hotelini: mtoto aliyeletwa Ulaya utumwani, akasoma, akaheshimika Vienna, akawa Freemason kwenye loji (tawi) moja na Haydn. Amekufa 1796 wakamchuna ngozi wakaijaza wakaiweka kwenye makumbusho ya mfalme na binti yake analilia mwili wa baba azike. Hilo hata dakika tano halikupata.

Tulichofaidi ni cha bure na tumekiona wenyewe. Mbele ya Rathaus, jumba la manispaa, kiangazi wanafunga skrini kubwa usiku wanaonyesha opera zilizorekodiwa, watu wamekaa wanakula, yaani banda umiza la opera. Mzee mmoja pale akanambia msimu ukianza mle ndani wanauza tiketi za kusimama, bei chini mno kuliko ile ya wale wenye mawigi. Nilitamani kulia.

Najua mtaniambia ungegugo. Sawa, ila huyo dalali nimemlipa afanye nini kama kugugo ni kazi yangu?

Nimeenda ofisini kwao mara mbili. Nikajibiwa mkataba umeandika "mji wa muziki", haujaandika onyesho. Kwenye basi pia walituuzia maji yuro 3 chupa, kumbe maji ya bomba pale yanatoka milimani tangu 1873 na vibomba viko kila kona unakinga bure, nikaulizia hilo nalo wakacheka.

Juzi nimewatumia meseji ndefu wameisoma, kimya. Leo asubuhi wamepost stetasi: "Vienna Mji wa Muziki, Agosti, nafasi chache zimebaki". Mwenye ndugu yake aliyelipa kianzio amshtue mapema.