Naomba ushauri: mtoto kavunjika mkono shuleni, uongozi unataka tuyamalize kimyakimya

Habari zenu wakuu. Mwanangu wa darasa la pili kavunjika mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko, wakati wa mapumziko. Walimu wanasema alianguka mwenyewe. Yeye anasema alisukumwa ngazini na wakubwa wa darasa la sita. Nilipigiwa simu jioni, mkono umeshavimba kama andazi, hata kitambaa cha kuushikilia hawakumfunga!

Hospitali wakadai PF3 (fomu ya polisi kwa majeruhi) kwanza, nikahangaika polisi huku mtoto analia. Sasa kafungwa P.O.P (plasta ngumu). Daktari kasema vidole vikiwa vya baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi nimrudishe haraka, hata usiku. Hilo nalifuatilia.

Kinachonitesa ni shule. Mwalimu mkuu anataka "tuyamalize kifamilia", ila gharama anazikwepa. Sina nia ya kuwafungulia kesi watoto wa wenzangu. Nataka matibabu yalipwe, na mwalimu wa zamu awepo uwanjani mapumziko. Nianze na kamati ya shule au niende moja kwa moja kwa afisa elimu kata?

Halafu usiku anashtuka, shule hataki kuisikia. Mliopitia haya, mlimrudishaje darasani?