Naomba ushauri: majirani wa huku Ujerumani nawazoeaje?

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Nimetoka Moshi, najitolea kwenye nyumba ya wazee karibu na Tübingen kupitia weltwärts, mpango wa Ujerumani wa vijana wa kujitolea. Kazini niko vizuri; kuna bibi ananifundisha Kijerumani huku namkatia mkate.

Shida ni mtaani. Jumapili maduka yamefungwa, kimya kabisa, na jirani akishakusalimia anapita zake. Kinachotukutanisha ni kibao cha zamu ya kusafisha ngazi, kinaning'inizwa mlangoni kwako wiki yako ikifika. Basi. Natamani sana kuwafahamu hawa watu.

Mliowahi kuishi huku, nikipika pilau naweza kuwagongea bila taarifa, au nitaonekana sina adabu? Au nianzie kwaya ya kanisani, hata kama Kijerumani bado hakijakaa sawa?