Mjadala: Rekodi za wasemaji wa Kiamu ziwekwe wazi mtandaoni au zifungwe?

Mleta mada, Mkomani

Watafiti wa isimu huja Amu (Lamu), hurekodi wazee wanaosema Kiamu, lahaja yetu ya Kiswahili, huandika tasnifu, basi. Naunga mkono hoja kwamba kila rekodi iliyotumika iwekwe mtandaoni, anayetaka asikilize. Mzee kasema "mato" na "ndia". Mnukuzi aliyezoea Kiswahili sanifu kaandika "macho" na "njia", kisha tasnifu inahitimisha kuwa Kiamu kinapotea. Kwa jedwali la maneno lililo kwenye tasnifu peke yake, nani atalikamata kosa hilo?

Mchangiaji, Langoni

Mwalimu, kuhakiki ni lazima, lakini si lazima dunia nzima isikie. Weka wanukuzi wawili, mmoja awe Mwamu. Kila mmoja anukuu peke yake sehemu ya kumi ya rekodi, ndipo walinganishe. Wala wasiridhike na asilimia ya kukubaliana. Tuseme kila mmoja ameweka alama ya "sanifu" kwenye maneno 90 kati ya 100. Kwa bahati tu wangekubaliana mara 82. Wakileta 84 wakajisifu, kapa ya Cohen, kipimo cha kukubaliana kinachoondoa bahati, ni kama 0.11, yaani hakuna kitu! Hapo hurudi kwenye mwongozo wa kunukuu, wakaurekebisha, wakaanza upya.

Upande wa siri: ukiandika "mwanamke, miaka 62, Shela, mshona kofia", umeficha jina tu. Shela nzima imeshamjua. Sauti je?

Mchangiaji, Shela

Nyote mmeiruka ridhaa, na ndiko kunakoharibika zaidi. Mtu anapewa fomu ya Kiingereza atie sahihi kabla hajafungua mdomo. Ameridhia nini, na bado hajui atasema nini? Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayotoa vibali vya utafiti, ni ruhusa ya serikali, hakisimami badala ya ruhusa ya msemaji.

Mwelezeni kwa mdomo, kwa Kiswahili, na maelezo hayo yarekodiwe. Mazungumzo yakiisha, msikilizisheni, akitaka kipande kifutwe kifutwe palepale. Kisha kila tumizi liulizwe mbali: kunukuliwa kwenye tasnifu, kuchezwa darasani, kuwekwa mtandaoni, kufundishia programu za kompyuta zinazoiga sauti. Anaweza kukubali mawili akakataa mawili. Kwa mtoto, aulizwe mzazi. Na jina pia liulizwe: malenga aliyetoa shairi lake huenda anataka kutajwa, na kumficha ni kumnyang'anya kazi yake.

Halafu msirekodi dakani, yaani kwenye kibaraza cha mlangoni. Wapitao wanaamkia, wanauliza habari za mgonjwa wa ndani, na wote wanaingia kwenye rekodi bila kuulizwa. Ndani kwenyewe, milango ifungwe na feni izimwe, maana mvumo wake hufunika sauti hafifu.

Mleta mada, Mkomani

La daka nakubali kabisa. Lakini rekodi "zilizofungwa" mara nyingi ziko kwenye laptopu moja ya mtafiti. Ikifa, zimekwenda, na aliyerekodiwa huenda keshafariki. Basi ziwe WAV, 44.1 kHz, biti 16 kwa uchache, si MP3 inayotupa sehemu ya sauti. Nakala ziwe tatu, na moja ibaki hapa Amu.

Mchangiaji, Shela

Nakala tatu sawa. Ila Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa msemaji haki ya kuondoa ridhaa yake. Iliyo kwenye hifadhi iliyofungwa utaitoa. Iliyokwisha kupakuliwa na watu utaifuata wapi? Kwa hiyo ianze ikiwa imefungwa, na msemaji ndiye wa kuifungua.

Mchangiaji, Langoni

Akishafariki je? Ongezeni swali moja siku ileile ya kurekodi: "Usipokuwepo, tumuulize nani?" Jibu liandikwe mbali na rekodi, pamoja na namba ya simu ya huyo aliyetajwa. Bila hivyo, miaka ishirini baadaye msimamizi wa hifadhi ataamua kwa niaba ya familia asiyoijua.