Mteja asiyeona ameshindwa kuagiza kwenye tovuti yangu, nifanyeje?

MamaZabibu: Habarini wakuu. Nauza zabibu na juisi yake, shamba liko Hombolo, duka liko Dodoma mjini. Wateja wa mikoani huagiza kwenye tovuti. Juzi kanipigia kaka mmoja asiyeona, anasema kwenye ukurasa wa kuagiza simu yake inamsomea "kitufe, kitufe, kitufe" basi. Fundi wangu anataka tulipie kiprogramu cha kubandika pembeni, kile chenye alama ya kiti cha magurudumu, eti kinairekebisha tovuti kwa ajili ya wenye ulemavu, kinatozwa dola kila mwezi. Kitatosha?

Asiyeona_Chamwino: Dada, hela hiyo iache kwanza. Mimi sioni tangu utotoni, nimesoma shule ya wasioona ya Buigiri. Kwenye simu natumia TalkBack, kwenye kompyuta NVDA, ni programu za kusoma skrini kwa sauti, zote bure. Msomaji wangu ninaye tayari, tatizo ni kwamba tovuti haina cha kunisomea. Mwaka 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza accessiBe, kampuni inayouza kiprogramu cha aina hiyo, dola milioni 1 kwa kudai kuwa programu yao inaweza kuifanya tovuti yoyote ikidhi viwango vya kutumiwa na wenye ulemavu.

Fundi aanze na vile vitufe. Kikapu kilichochorwa bila jina, mimi nasikia "kitufe". Kwenye msimbo (code) wa tovuti kipewe jina "Weka kwenye kikapu", shida imekwisha. Kisha bei. Wafanyabiashara wengi mnatengeneza bango zuri, bei zote ndani ya picha, mnalipandisha. Nikigusa nasikia jina la faili na tarakimu zake. Bei ziandikwe kama maandishi ya kawaida, na picha ipewe maelezo: "Boksi la zabibu nyekundu, kilo 5".

Fomu nayo. Neno "Namba ya simu" lisikae ndani ya kisanduku kwa rangi ya kijivu tu, kwa sababu ukianza kuandika linafutika. Nikikosea, niambiwe kwa maneno nimekosea wapi, siyo kisanduku kugeuka chekundu. Na ukurasa utambulishwe kuwa ni wa Kiswahili (lang="sw"), maana ukitambulishwa kwa Kiingereza, "zabibu" inatamkwa hadi huitambui.

Muda wa kulipa pia uongezwe. Ninyi mnatupa jicho mara moja, mimi nasikiliza mstari kwa mstari, na ukurasa ukijifunga kabla sijamaliza naanza upya.

Fundi_Udom: Mkuu kamaliza. Mwambie fundi afuate WCAG 2.2, mwongozo wa 2023 wa kufanya tovuti itumike na wenye ulemavu, umetolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, unasomwa bure. Maandishi ya kawaida yatofautiane kwa mwangaza na mandharinyuma kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, ambaye macho yamepungua nguvu atashukuru. Halafu aweke kipanya pembeni, aagize kwa Tab na Enter tu. Akikwama, na mteja asiyeweza kushika kipanya atakwama palepale.

Kiziwi_Kisasa: Msitusahau sisi. "Piga simu kuthibitisha oda" inanifungia mlango. Wekeni na WhatsApp ya kuandika, na video ziwe na maandishi chini.

MamaZabibu: Asanteni sana. Bango la bei ninalo kweli, naanza na hilo leo. Kaka wa Chamwino, fundi akimaliza utanijaribia? Nitakulipa.

Asiyeona_Chamwino: Nitajaribu, dada. Nitumie kiungo kwa ujumbe binafsi. Nitaagiza boksi moja mwanzo hadi mwisho huku narekodi sauti ya simu, fundi asikie mwenyewe inaposimama.